Neno dogo mbele ya "if" si pambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu somo la Kiingereza lililotoka katika gazeti lako wiki mbili zilizopita. Mwandishi wa somo lile aliwaambia wanafunzi kwamba maneno kama "even", "only" na "just", yakikaa mbele ya kiunganishi, kazi yake ni kunogesha sentensi, na kwamba anayejiandaa kwa mtihani anaweza kuyaruka bila kupoteza maana. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Mimi ni mfasiri wa nyaraka, huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi hii, na siwezi kulinyamazia jambo hili, kwa sababu neno mojawapo kati ya hayo lilinifunza kazi kwa namna ambayo sijaisahau.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa karatasi ya maelekezo ya dawa niifasiri kwa Kiswahili. Ilikuwa na sentensi kumi na mbili hivi, zote fupi. Mojawapo ilisema: "Take the second tablet only if the fever returns." Nikaandika: "Meza kidonge cha pili homa ikirudi." Nikaipeleka kwa msahihishaji wetu, mzee mmoja aliyekuwa akisoma kila tafsiri kabla haijatoka, penseli mkononi. Hakukawia kuniita.

"Binti, umemeza neno."

"Neno gani, Mzee?"

Akaweka ncha ya penseli juu ya "only". Kisha akaniuliza: homa isiporudi, mgonjwa wako atafanya nini? Nikamjibu, hatameza. Akauliza tena, kwa upole uleule: "Nani kamwambia asimeze?"

Nikatazama sentensi yangu. Kweli, hakuna aliyemwambia. "Homa ikirudi, meza" ni agizo la siku ambayo homa imerudi. Kuhusu siku ambayo haijarudi, sentensi iko kimya, na mtu ambaye kichwa bado kinamgonga na ana kidonge mkononi anaweza kuutafsiri ukimya huo kadiri ya maumivu yake. Neno "only" ndilo lililokuwa likimkataza, nami nililiacha mezani.

Nikaharakisha kusahihisha. Nikafuta, nikaandika: "Meza kidonge cha pili homa ikirudi tu." Nilijua "only" ni "tu", basi nikaiweka "tu" mahali ilipoangukia. Mzee akatikisa kichwa. Hapo nikaona mwenyewe. "Homa ikirudi tu, meza" kwa Kiswahili maana yake ni mara inaporudi, papo hapo, usingoje. Nilikuwa nimetoka kwenye kosa la kulegeza sharti nikaingia kwenye kosa la kumhimiza mgonjwa. Tulimaliza hivi: "Meza kidonge cha pili ikiwa tu homa itarudi. Isiporudi, usimeze." Sentensi ya pili aliiongeza yeye kwa mkono wake, akasema karatasi ya dawa husomwa na mtu anayeumwa, na mtu anayeumwa hapaswi kuachiwa mafumbo.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaposikia mwalimu akisema neno hilo linaweza kurukwa, naiona ile karatasi.

Tukae kidogo hapo kwenye "if" na "only if", maana ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. "If" peke yake hutoa ahadi: jambo la kwanza likitimia, la pili linafuata. "Only if" haitoi ahadi hiyo hata kidogo. Inaweka sharti ambalo bila hilo jambo haliwezekani, lakini haisemi kwamba sharti likitimia basi jambo limekwisha kuwa. Kijana mmoja aliniletea barua ya Kiingereza iliyojibu maombi yake ya kazi, akiwa amekasirika. Ilimwambia ataajiriwa "only if you pass the interview". Alifaulu usaili, hakuajiriwa, akaamini ameongopewa. Mtu aliyemsomea barua alikuwa amemwambia "ukifaulu usaili utaajiriwa". Barua haikusema hivyo. Ilisema asipofaulu hataajiriwa, basi. Wanahisabati wanaijua tofauti hii vizuri, ndiyo maana wanapotaka kuahidi pande zote mbili huandika "if and only if", ikiwa na ikiwa tu, na wana hata kifupi chake cha herufi tatu, "iff". Hawakuongeza "only" pale ili sentensi ipendeze.

Na maneno hayohayo mawili ukiyageuza, "if only", unapata kitu kingine kabisa: majuto au shauku, ile "laiti" yetu. "If only the fever would go" ni mtu anayeugua akitamani nafuu. Hakuna sharti pale wala agizo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "only" ni pambo atazitofautishaje hizi mbili?

Sasa nije kwenye "even", ambayo ndiyo iliyonisukuma hasa kushika kalamu. Binti wa kaka yangu huja kwangu na madaftari yake. Siku chache baada ya somo lenu alikuja na insha iliyokuwa na mstari mwekundu chini ya sentensi hii: "Even I was sick, I went to school." Mstari tu, bila maelezo.

"Shangazi, kosa liko wapi? Kwa Kiswahili 'hata' inatosha."

Nikamwambia aniandikie kwa Kiswahili alichotaka kusema. Akaandika: "Hata nilipokuwa naumwa, nilikwenda shule." Nikamwomba apigie mstari sehemu inayosema "wakati". Akatafuta neno zima, hakuliona. Kisha akaona ile "-po-" ndani ya "nilipokuwa". Hapo uso wake ukabadilika.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa Kiingereza anayefundisha watu wa Kiswahili alishike. Lugha yetu hubeba kiunganishi ndani ya kitenzi. "Nikiumwa", "nilipoumwa", "nijapoumwa", "ningeumwa": masharti, wakati, kukubali jambo huku ukilipinga, vyote vimo tumboni mwa kitenzi. Ndiyo maana "hata" inaweza kuegemea kitenzi moja kwa moja, "hata nikiumwa", na ikaeleweka. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi hiyo tumboni. Kiunganishi lazima kisimame nje, kwa miguu yake, na "even" lazima isimame mbele yake. Ukikiondoa kiunganishi, "even" itaangukia kitu kilicho karibu. Katika sentensi ya binti yule kilichokuwa karibu ni "I". Kwa hiyo Mwingereza akisoma "Even I was sick" anasikia "Hata mimi niliumwa", kana kwamba darasa zima liliumwa na ugonjwa ukamfikia mpaka yeye. Mtoto hakutaka kusema hivyo.

Akaniuliza basi aandike nini. Nikamwambia ana milango mitatu. "Even when I was sick, I went to school": kila nilipoumwa, nilikwenda. "Even though I was sick, I went to school": niliumwa kweli, siku inayojulikana, na bado nikaenda. "Even if" ni ya jambo ambalo huna hakika nalo, au la kukisia: "Even if I am sick tomorrow, I will go to school", hata nikiumwa kesho nitakwenda.

"Uliumwa mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara moja, Shangazi. Jumatatu."

"Basi chukua mlango wa pili."

Akaandika "even though", akaniuliza kama aweke "but" katikati. Swali zuri sana, kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku kinaruhusu "ingawa niliumwa lakini nilikwenda", na masikio yetu yamezoea uzani huo. Kiingereza kinataka kimoja tu kati ya hivyo viwili. Ukianza na "though", "although" au "even though", "but" hubaki nje.

Somo lenu lilisema pia kwamba "even if" na "even though" zote ni "hata kama", hivyo mwanafunzi achague yoyote. Naomba nipinge kwa mfano wa kazini. Mfanyabiashara anaandika kwa mteja: "We will return your deposit even if the goods are damaged." Tutakurudishia amana hata kama bidhaa zitakuwa zimeharibika. Hapo hajui kama zimeharibika, anatoa uhakikisho kwa yanayoweza kutokea. Badilisha neno moja: "even though the goods are damaged". Sasa anasema bidhaa zimeharibika, naye analijua hilo, na pamoja na hayo anarudisha fedha. Barua ya pili imebeba shutuma ndani yake, au kukiri, kutegemea ni nani aliyeharibu. Wakifika mbele ya wakili, neno hilo moja litasomwa kwa sauti. Mimi mwenyewe ninapofasiri "even if" hutumia "hata kama" au "hata" pamoja na "-ki-". Kwa "even though" hutumia "ingawa", "ijapokuwa" au "licha ya kuwa". Sizichanganyi, na sijutii muda ninaopoteza kuhakikisha.

Watu wengine wataniambia kwamba viambishi hivi na vielezi hivi ni mambo ya wasomi. Wayatazame maneno ya Kiingereza yenyewe yalikotoka. "Although" tunayoiona leo kama kiunganishi kimoja ilianza ikiwa maneno mawili, "all though", katika Kiingereza cha zama za kati. "All" pale ilikuwa kielezi cha kutilia nguvu, sawa na "kabisa". Kielezi na kiunganishi vilikaa pamoja muda mrefu hata vikashikana, na leo hakuna anayesikia "all" ndani yake. "Albeit" ni ndugu yake, "all be it". Hata kile kineno "as", kifupi kuliko vyote, ni mabaki ya "eall swa" ya Kiingereza cha kale: "all" tena, mbele ya "so". Kikazaa "also", kikazidi kumomonyoka kikabaki "as". Kwa hiyo kielezi kusimama mbele ya kiunganishi ni mtindo wa kale sana katika lugha hiyo, nao ndio uliozaa baadhi ya viunganishi vyake. "Even though" inatembea katika njia ileile, imebaki kuandikwa neno moja tu.

Wanaisimu nao wamelijadili. Otto Jespersen, Mdenishi aliyeandika sana kuhusu Kiingereza, alipendekeza mwaka 1924 kwamba vielezi, vihusishi na viunganishi vihesabiwe kundi moja, maana neno kama "before" au "since" hubaki lilelile, kinachobadilika ni kinacholifuata: jina, kishazi, au kitu chochote kisifuate. Mwaka 2002 Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza, walikwenda mbali zaidi wakaviingiza "because", "although", "before" na wenzao katika kundi la vihusishi. Moja ya hoja ni kwamba maneno kama "right" hupenda kusimama mbele ya vihusishi: "right after lunch", na kadhalika "right after we had eaten". Sipendekezi mwanafunzi wa sekondari abebeshwe mabishano hayo. Ninachotaka aone ni kwamba wataalamu wamepata sababu ya kubadili makundi ya maneno kwa kuangalia, pamoja na mengine, nani anakubali kutanguliwa na nani.

Na kweli, hawakubali wote. Hapa somo lenu lingeweza kuwa tamu sana.

Viunganishi vya wakati hupenda kupimwa. "Long before she came", muda mrefu kabla hajaja. "Shortly after", "soon after", "just before", "two days after he left". Wakati una urefu, kwa hiyo kielezi kinachotanguliza "before" au "after" kinauliza umbali: mbali kiasi gani, karibu kiasi gani. "Because" haina urefu, hivyo husikii "long because". Yenyewe hupenda vielezi vya kupima uzito wa sababu: "simply because", "mainly because", "partly because", "precisely because". Sababu inaweza kuwa moja au nyingi, kubwa au sehemu tu, na vielezi hivi vinaipa kila moja mizani yake. "Partly because" inamwambia msomaji asitulie, sababu nyingine zipo. Ukilifasiri kwa "kwa sababu" tupu umemfanya mwandishi adai sababu moja ambayo hakuidai. Andika "kwa sehemu ni kwa sababu", au "mojawapo ya sababu ni kwamba". Nimeona ripoti nzima zikigeuka maana kwa kuachwa neno hilo.

"Although" nayo ni ngumu kama mwamba. Huwezi kusema "only although", wala "especially although", wala "just although". Ndugu yake "though" hukubali "even" peke yake. Kwa nini? Nimelifikiria sana, na jibu linaloniridhisha ni hili. Vielezi kama "only" na "especially" hunyooshea kidole jambo moja kati ya mambo mengi: sababu hii na si zile, wakati huu kuliko nyakati nyingine. Kishazi cha "although" hakichaguliwi kati ya wenzake, kipo tu kama jambo ambalo halikuzuia kitu. Kiswahili kinathibitisha. Unaweza kusema "Ni kwa sababu aliumwa ndiyo maana hakuja." Jaribu kusema "Ni ingawa aliumwa ndiyo maana alikuja." Ulimi unakataa. Kiingereza vilevile, "It was because he was ill that he stayed" ni sawa, lakini "It was although he was ill" haisemeki. Mwalimu akiwapa wanafunzi jaribio hilo la lugha zote mbili hawatahitaji kukariri orodha.

Nina neno pia kuhusu "since". Kiunganishi hiki kina sura mbili, wakati na sababu. "Since he left the office, nobody answers the telephone." Ni tangu aondoke, au ni kwa kuwa ameondoka? Zote mbili zinawezekana. Weka "ever" mbele, "Ever since he left", na sura ya sababu inafutika papo hapo: ni tangu siku ile mpaka leo, bila kukatika. Kielezi kimoja kimemaliza utata ambao ungeandikiwa aya nzima. Ila kinadai kitu: kwa kawaida kitenzi kikuu kiwe katika hali timilifu, "ever since he left, nobody has answered". Wanafunzi wetu huandika "nobody answers" kwa sababu "tangu aondoke hakuna anayepokea simu" ni sahihi kabisa kwetu.

Kosa jingine la kwetu ni "Immediately when he came". Limetoka moja kwa moja kwenye "mara tu alipokuja". Kiingereza cha kawaida ni "as soon as he came" au "immediately after he came". Cha kushangaza ni kwamba Waingereza wenyewe, hasa katika Kiingereza cha Uingereza, huweza kuikata "when" kabisa wakaiacha "immediately" ifanye kazi ya kiunganishi peke yake: "Immediately he came, we stood up." Kile kielezi kimekikalia kiti kiunganishi. Binti wa kaka yangu alipoliona hilo alicheka kwa furaha, na nadhani hatalisahau.

Kuhusu "just because" naomba niseme zaidi kidogo, kwa sababu inaingia katika ugomvi wa watu. Chukua sentensi hii: "He did not resign just because he was tired." Alijiuzulu au hakujiuzulu? Sentensi inakubali majibu mawili. La kwanza: alijiuzulu, lakini uchovu haukuwa sababu pekee, kuna mengine nyuma yake. La pili: hakujiuzulu, maana uchovu ni jambo dogo mno la kumfanya mtu aache kazi. Ile "not" inaweza kukanusha kitenzi au ikaruka ikakanusha sababu, na "just" ndiyo inayoivutia huko mbali. Nilikutana na sentensi ya namna hii katika kumbukumbu za kikao, nikasimama. Nilisoma kurasa tatu zilizofuata mpaka nikakuta barua ya kujiuzulu kwake ikitajwa, ndipo nikaandika: "Hakujiuzulu kwa sababu ya uchovu peke yake." Kama ningefuata ushauri wa kuiruka "just", ningeandika "hakujiuzulu kwa sababu alikuwa amechoka", na msomaji angeamini mtu yule bado yuko ofisini.

Halafu kuna ule mtindo wa kuzungumza, "Just because you are older doesn't mean you are right." Kishazi kizima cha "just because" kimefanywa kiima cha kitenzi. Wakali wa sarufi hawakipendi katika maandishi rasmi, lakini kila Mwingereza na Mmarekani hukisema. Kwetu ukikifuata neno kwa neno utapata sentensi inayopwaya. Sema tu: "Kunizidi umri hakumaanishi kwamba una haki."

Jambo la "tu" limenigusa pia ninaposoma magazeti, likiwamo lako, Mhariri. Kielezi cha Kiingereza hukaa mbele ya kiunganishi. "Tu" yetu hufuata nyuma ya neno inalolihusu. "Alifukuzwa tu kwa sababu alichelewa" inasomeka kana kwamba alifukuzwa, basi, hakupigwa wala hakutozwa faini, "tu" imeshika "alifukuzwa". Kinachokusudiwa ni "Alifukuzwa kwa sababu tu alichelewa". Hapo "tu" imeshika sababu. Waandishi wako wanaofasiri habari za mashirika ya nje wanaipeleka "tu" mbele kwa sababu "just" ilikuwa mbele.

Nilikusudia kueleza na namna "only after" na "only when" zikianza sentensi zinavyogeuza mpangilio wa maneno, "Only after they had gone did she speak", ambapo "did" huruka mbele ya kiima katika kishazi huru na si katika kile tegemezi. Wanafunzi wengi huandika "Only after had they gone", wakageuza upande usiohusika. Mada hiyo inataka somo zima, na mwandishi wenu anaweza kulitoa.

Ombi langu ni moja na ni la haki kwa watoto wanaolikata somo lile na kulibandika kwenye madaftari. Katika zoezi lililofuata, swali la nne lilikuwa "Open the second envelope only when everyone is seated", na jibu lililochapishwa ni "Fungua bahasha ya pili watu wote wanapoketi". Naomba lirekebishwe katika toleo lijalo lisomeke: "Usifungue bahasha ya pili mpaka watu wote wawe wameketi." Kwenye nakala iliyo nyumbani kwangu limekwisha kukatwa kwa penseli, na sahihisho limeandikwa pembeni kwa mwandiko wa mtoto.

Msomaji wako,
Mfasiri wa nyaraka